Nukta Moja, Kopa Moja

3 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi! Ndoa ina miezi miwili, lakini nikisikia hatua za mume wangu mlangoni moyo bado unaruka. Jana kanimenyea vitunguu huku machozi yakimtoka, nami nikalia kwa kumpenda.

Kumbe makedi wa klabu yake, wabeba fimbo wenzake, wanakuja kucheza gofu na makedi wenu, mtu kwa mtu, na yeye kapangwa na wewe! Nimwombee nani sasa? Mpira wako una nukta nyekundu, ile ninayokuwekea kwa rangi ya kucha tangu niko darasa la tatu. Wake nimeuchorea kopa dogo kwa rangi hiyo hiyo. Usimcheke, tafadhali.

Mwanao mwenye raha

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, na kila nikiinama unanikumbusha kwamba upo.

Tulifika shimo la mwisho tukiwa sare. Mipira yote miwili ikaingia kwenye nyasi ndefu, karibu karibu. Kila mtu akapiga wake, au tulidhani hivyo. Kufika kwenye bendera, kedi mmoja akainama: "Mzee, mbona wako una kopa? Umependa uzeeni?" Watu wakacheka, kisha wakakumbuka sheria.

Sheria ni hii: ukipiga mpira usio wako, shimo umelipoteza. Mkibadilishana, anapoteza aliyeanza. Isipojulikana nani alianza, mnamaliza hivyo hivyo, kila mtu na mpira wa mwenzake. Basi wenzake wakasema ni mimi, wangu wakasema ni yeye. Mumeo hakufungua mdomo. Katibu wa klabu atatusikiliza tarehe 28.

Pembeni katibu aliniuliza: msimamizi wa makedi kama mimi, asiyeujua mpira wake, atalindaje mipira ya wanachama? Miaka thelathini na mmoja ya kazi, mwanangu. Nimechoka hata kukasirika.

Baba yako

21 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Pole, na pole tena. Hapa sisi si wazima sana. Mume wangu anakunywa chai amesimama, kama mgeni. Nikimuuliza nani alianza anasema, "Mke wangu, sijui." Nikamuuliza tena nimemkumbatia. "Sijui, nyasi zilikuwa ndefu." Baba, mtu huyu anakumbuka hadi vifungo vya gauni nililovaa siku tuliyokutana!

Kosa ni langu na kopa langu. Niruhusu nimwandikie katibu, hata kwa uongo, kwamba mipira yote miwili niliiwekea nukta, kwamba hata malaika asingeitofautisha. Wasikuondoe kazini kwa sababu ya mapenzi yangu.

Mwanao

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Tarehe 28 imepita. Mume wangu alirudi kutoka huko akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Hasemi. Wewe huandiki. Kwa katibu sikuandika, maana hukuniruhusu. Bado nampenda hadi naona aibu, ila nimechoka kupenda watu wawili wanaonyamaza. Niambie tu kama u mzima.

Mwanao

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Ni mzima. Macho ndiyo yamenichelewesha, naandika mstari mmoja napumzika. Hili nilikuficha mwaka mzima.

Katibu alianza na mumeo. Akasema, "Sijui, bwana katibu." Mwanangu, alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Aliniona nikifikicha macho, nikipiga mpira wake. Kopa lako alilijua, angelikosaje? Mpira uliobaki ulikuwa mmoja, akaupiga haraka bila kuuinamia. Alitaka kosa liwe la wawili.

Angeendelea na "sijui" yake, tungelimaliza shimo na kazi yangu ingebaki. Lakini nilimtazama jasho linamtoka, nikajua atakunywa chai amesimama maisha yake yote. Nikasema, "Aliyeanza ni mimi."

Shimo likaenda, mchezo ukaenda, na usimamizi nao. Sasa niko stoo, nasafisha fimbo za wanachama. Kuna kiti. Mgongo umefurahi.

Mwambie najua kwamba alijua. Mpira wake bado ninao, na kopa lako sasa naliona, nikilileta karibu na pua. Asije kwa ajili ya mpira. Aje tu.

Baba yenu