Vidoa Vikavu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeng'oa miche ya maharage, nikaosha mizizi. Mitupu. Hakuna kinundu hata kimoja, vile vijivimbe ambamo bakteria hukaa na kuilisha mimea. Daktari, mkuu wa maabara yetu, akasema bakteria tunaowaotesha hawashiki, wanapita tu juu ya mzizi kama mgeni asiyepewa kiti.
Mtoto amekataa ziwa tena. Mama mkwe anasema nisimlazimishe, keshazoea chupa.

Jumatano, 5 Machi
Chanzo kimejulikana. Bakteria wamepoteza ute — lile koti lao la sukari linalowanatisha kwenye mzizi. Zamani vidoa vyao, yale makundi yanayoota kwenye kisahani cha maabara, viling'aa, ukivigusa vinavutika kama kamasi za mwanangu. Sasa vidogo, vikavu, nadhifu.
Tumejitakia. Kila tulipowahamishia kisahani kipya tulichota kidoa kikavu, maana vya ute vinaungana, vinachafua kazi. Daktari mwenyewe alitufundisha hivyo. Mzee wa Glavu, mwenzangu — havui glavu hata kwenye chai — kasema tumechagua bwana harusi kwa kiatu kung'aa. Nilicheka peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Tusipowaonyesha bakteria wenye ute, mradi unafungwa, na kibarua changu kimeota nyasi. Kwenye friza kimebaki kichupa kimoja cha mbegu ya mwanzo ya bakteria, ya kabla hatujaanza kuchagua. Tumeipanda kisahanini. Friza hiyo umeme uliikatikia mara ngapi?

Jumapili, 9 Machi
Mtoto hanitaki. Ananyoosha mikono kwa bibi yake. Nimembeba hivyo hivyo. Kama ni kulia, atalilia mgongoni kwangu.

Jumatatu, 10 Machi
Vikavu. Vyote.
Labda kimoja, huku ukingoni, kinang'aa kidogo. Mzee wa Glavu anasema ni tone la mvuke kutoka kwenye kifuniko, na macho yake hayakosei. Njia ya kujua ni moja: kukigusa kwa sindano. Kikivutika, ute. Kisipovutika, basi.
Wakaguzi wako koridoni, nawasikia wakisifu usafi wetu. Daktari amenisogelea, akanong'ona: "Mama, usikiguse. Waache wakione kinavyong'aa, waende zao."
Nikamwambia, "Daktari, mzizi hauna macho."
Hakuondoka.
Naandika nimesimama, kisahani mbele yangu. Sindano nimeshaichoma motoni kuua vijidudu — naisubiri ipoe.