Picha Niliyompa Mtengeneza Tovuti

Gokseong,
Mwezi wa kumi na moja.

Kwako Dada Yeonok,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba upepo wa bahari huko Busan haujaanza kukusumbua magoti kama ilivyokuwa zamani. Ukitaka kujua hali zetu, sisi huku tu wazima wa afya: mimi, mume wangu, na Mama.

Ndiyo, Dada, na Mama. Sijakosea. Rudi usome tena kama huamini. Mama yu hai, anakula, anagomba, na asubuhi ya leo amenifokea kwa kukata figili vipande vinene, akaniuliza kama nawapikia watu au nalisha ng'ombe. Kama umesimama, tafadhali kaa chini. Nina maelezo marefu, na sehemu kubwa yake ni aibu yangu mwenyewe.

Yote yalianza na duka la mtandaoni. Unajua jinsi tulivyokuwa tukiuza rojo letu la soya na la pilipili: mteja anapiga simu, Mama anamtambua kwa sauti, anamuuliza habari za mkwe wake, kisha tunafunga mzigo. Lakini wateja wale wamezeeka, wengine wametangulia, na wajukuu zao hawapigi simu kabisa. Wananunua kwa kidole. Majira ya baridi yaliyopita nikamwambia Mama kwamba tusipoingia mtandaoni, mitungi ya rojo itabaki kuwa mapambo ya uani. Akanijibu kwamba rojo halinunuliwi kwa macho, lakini nifanye nipendavyo, mradi nisiiguse mitungi yake.

Njia nyepesi ilikuwepo. Kuna lile soko kubwa la mtandaoni ambalo kila mtu analitumia: unajaza majina, unapachika picha, unaweka namba ya simu juu kabisa, kazi imekwisha. Bi Maeng, jirani yetu, anauza humo matunda yake ya persimoni yaliyokaushwa, na ukurasa wake una rangi zote kama basi la watalii. Akaniambia niende nikae naye jioni moja, atanifungulia duka kabla chai haijapoa. Nikamcheka, Dada. Nilisema sitaki rojo la Mama lipangwe pembeni ya soksi na vifuniko vya simu. Nilitaka tovuti yetu wenyewe, yenye heshima, ambayo watu wa Seoul wakiifungua watashusha sauti zao. Kiburi tu, hakuna jina lingine.

Basi nikamtafuta kijana mmoja wa Gwangju aitwaye Do-gyeom, ambaye tovuti zake zilikuwa zimenipendeza. Alikuja na viatu vyeupe pepe. Mama akamwonya avivue, kijana akasema hapana shida, na kabla hajamaliza kusema alikuwa ameshakanyaga maji ya soya. Mama alicheka mpaka akashika mtungi. Lakini kijana kazi anaijua, siwezi kumsingizia. Alikuwa akifuta tu. Nilitaka ramani, akafuta. Nilitaka maelezo ya jinsi ya kuhifadhi rojo, akayabakiza mistari miwili. Namba ya simu nayo akaiondoa, akasema siku hizi mtu akiona namba ya simu anadhani duka ni la kizee. Aliniambia ukurasa mzuri ni ule unaopumua, na mimi nikatikisa kichwa kama ninayeelewa.

Pamoja na hayo ilikuwapo huduma mpya ya mtandao, yenye sanduku la kuandikiana na wateja, na kwa kuwa tulikuwa tunahamisha kila kitu, nikaona simu ya mezani ya nini tena. Nikaikata. Ile ya juu ya kabati la mchele, namba tuliyofundishwa kuikariri kabla hatujajua kuandika. Simu ile ikilia, Mama alikuwa akitupa mwiko popote ulipo na kukimbia. Mara mbili aliteleza. Nilidhani ni uroho wa biashara, hata nikamtania kwamba wateja watamvunja nyonga. Siku walipokuja kuing'oa alisimama akiangalia, akauliza kama namba ile haiwezi kubaki hata bila simu. Nikamwambia, Mama, namba inabakije bila simu? Akaenda zake uani.

Sasa ndio nafika kwenye picha. Do-gyeom alisema duka linahitaji uso, uso wa mwanzilishi, na akataka picha safi, kubwa, iliyopigwa na mtu anayejua kazi. Dada, wewe unamjua Mama na kamera. Picha zake zote amegeuka, au amefumba macho, au ana mkono mbele ya mdomo. Iliyokuwepo nzuri ni moja tu: ile aliyopigwa kwenye ukumbi wa wazee, wote wamevaa mavazi ya sikukuu, kila mmoja akiketi kwa zamu kutengenezewa picha ya kuwekwa mbele ya waombolezaji siku yake ya kuondoka. Ilikuwa imefungwa kwa kitambaa kabatini, pamoja na nguo zake za kuzikiwa. Nikaifungua nikamtumia.

Do-gyeom akaondoa rangi zote, ikawa nyeusi na nyeupe. Akaizungushia mstari mweusi mwembamba. Chini yake jina, Bang Gapsun, na chini ya jina maneno niliyoyatunga mwenyewe na kujisifu nayo: "Mkono wake umo katika kila mtungi." Nilipoiona moyo ulinishtuka kidogo. Nikauliza kama haijakaa kama... Akasema imekaa kama chapa ya bei ya juu. Nikaunyamazisha moyo. Nilikuwa naitazama kwenye simu, ikiwa ndogo kama kucha, nikijiambia watu wa kisasa ndivyo wanavyofanya. Mwezi wa tatu tukafungua.

Bi Maeng ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikuja mbio, ndala mguu mmoja, akamkuta Mama anamenya vitunguu saumu, akaketi kizingitini akaanza kumpiga Mama mgongoni huku akilia na kumtukana. Wewe mwanamke, akamwambia, hata kufa huagi! Kisha akanigeukia mimi. Aliniita majina ambayo siyaandiki.

Zikaanza kuja rambirambi. Mzee mwenye nyumba ya wageni ya Jeonju aliandika kwamba amekula rojo la mkono ule maisha yake yote na leo ameshindwa kumeza. Wengine walituma bahasha nyeupe za fedha za pole, nikazirudisha moja moja kwa aibu. Na maagizo yakapungua, kwa maana nani anataka rojo lililobaki baada ya mkono wenyewe kuzikwa? Mmoja aliandika wazi kwamba tangu bibi afariki ladha imebadilika, inaonekana binti hajui kazi. Mama alipandwa na jazba! Akataka nimwandikie hapo hapo kwamba marehemu ndiye aliyelikoroga, na mikono yake bado inawasha pilipili. Tulicheka wote wawili. Baadaye nilikwenda kulionja peke yangu. Dada, lilikuwa na chumvi nyingi. Ulimi wa Mama unaanza kumdanganya, na hajui, au anajua na amenyamaza.

Utaniuliza kwa nini sikuitoa picha siku ile ile. Nilitaka. Do-gyeom mwenyewe aliomba radhi, akasema ni kazi ya saa moja. Mama ndiye aliyekataa. Alisema iache. Nikamwambia tunapoteza wateja. Iache. Nikamwambia watu wanamlilia mtu anayekula tikiti uani. Akasema waache walie, kulia hakuharibu rojo. Mwanamke ambaye mteja mmoja akihama alikuwa hapati usingizi! Nilifikiri ameipenda sura yake, kwa kweli ametoka vizuri. Nikaiacha, nikawa naandika kwenye lile sanduku, siku baada ya siku, kwamba mama yetu yu hai, ahsanteni. Wanaosoma majibu ni wachache. Wanaoangalia picha ni wote.

Kisha mwezi wa tano likaja shada. Shada kubwa la msiba, la ngazi tatu, maua meupe matupu. Aliyelileta akauliza chumba cha msiba kiko wapi. Mama alikuwa amevaa buti za mpira, glavu nyekundu mpaka kiwikoni. Akamuuliza, msiba wa nani? Akasoma karatasi: Bang Gapsun. Mama akamwambia, ndiye mimi, mwanangu, liweke pale kivulini yasinyauke. Yule mtu nusura aliangushe.

Utepe mmoja ulikuwa na maneno ya pole. Wa pili, pale panapoandikwa jina la mtoaji, ulikuwa mtupu. Mama akauliza limetoka wapi. Yule mtu akapiga simu, akarudi kusema limeagizwa Busan, na mwanamke, na kwamba mwenyewe alikataa kuandikwa jina. Mama aliingia ndani kuosha mchele. Jioni nikaona ule utepe mtupu ameufunga shingoni mwa mtungi mkubwa wa nyuma, ule ambao utotoni uliwahi kujificha ndani yake tukakutafuta kijiji kizima.

Nami nilijua ni wewe, Dada. Sitajifanya. Nikakukasirikia, nikajisemea kama unaweza kutuma maua bila jina kwa mama uliyemdhania amekufa, basi kaa na hiyo huzuni. Leo nakuomba unisamehe. Wiki hii ndio nimemtafuta yule muuza maua wa Busan, nikambembeleza mpaka akanipa anwani yako.

Kilichonifanya nimtafute ni hiki. Juzi tulikuwa tukitia chumvi kabichi za majira ya baridi. Nikamwambia Mama basi, yatosha, nimeshampigia Do-gyeom, picha inatoka. Akatupa kata ya chumvi chini. Sijapata kumwona hivyo tangu msiba wa Baba. Akaniuliza kama nimesahau alichokwambia siku ile. Dada, nani atasahau? Ulifika Baba ameshazikwa. Hakuna aliyekuuliza sababu ya kuchelewa, hata mimi, nilisimama karibu na jiko nikafyata ulimi. Na Mama akakwambia mbele ya watu kwamba usikanyage hapa mpaka siku atakayokufa.

Sasa sikiliza alivyosema juzi, nakuandikia vilevile. Alisema: "Neno nilishalitoa, nitalimezaje? Mtoto huyu ana kichwa kigumu, kakirithi kwangu, hatakanyaga hapa mpaka nife. Basi si nimeshakufa? Dunia nzima imeniona nimekufa. Nikasema, haya, sasa ruhusa anayo, atakuja. Maua yakaja. Nikasema maua yametangulia, mwenyewe yuko nyuma. Mbona haji?"

Alisema hivyo, mbona haji, na mikono imejaa chumvi, hawezi hata kujifuta macho. Nikamfuta mimi.

Majuto ni mjukuu, husema watu. Mjukuu huyu nimemzaa mimi na viatu vyeupe vya Do-gyeom. Ningekaa jioni moja kwa Bi Maeng, ungeona ukurasa wenye rangi za basi, na Mama anacheka na glavu zake, na namba ya simu juu kabisa. Hilo la simu ndilo linaloniamsha. Kwa sababu nafikiri ulipiga, Dada. Kabla ya kuagiza maua, nafikiri ulipiga ile namba ya utotoni ukaambiwa haitumiki tena, na ndipo ulipoamini. Kama sivyo, usiniambie ukweli, niache nifikiri hivyo.

Simu imerudi. Namba ni ile ile, na iko pale pale juu ya kabati la mchele. Jana ililia, ni mtu wa kampuni anaijaribu, na Mama alikuwa ameshafika kabla sijanyanyuka.

Picha sijaitoa. Nimemwambia Do-gyeom asiiguse mpaka nimwambie. Mama anaamini ukijua yu hai hutakuja, ndiyo maana hajui kwamba nakuandikia. Mimi nimeamua kuamini vinginevyo. Lakini kama neno lake bado linakuzuia mlangoni, basi fungua tovuti umtazame: kwa amri yake mwenyewe, amekufa tangu mwezi wa tatu. Ukija hutakuwa umevunja neno lake, wala yeye hatakuwa amelimeza. Kabichi zimebaki nusu, na chumvi inahitaji ulimi mwingine.

Shemeji yako anakusalimu sana. Bi Maeng naye angekusalimu kama angejua, na kijiji kizima kingejua. Hapa desturi inataka niandike kwamba Mama anakusalimu. Hakunituma. Ila leo asubuhi, baada ya ugomvi wa figili, aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama basi la kutoka Busan bado linapita huku. Nikamwambia linapita. Akauliza linafika saa ngapi.

Hizo ndizo salamu zake. Zipokee.

Ni mimi mdogo wako,
Yeonju