Kijiti cha Kileleni kwa Bibi Nyangeta

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Kwa daftari hili, salaam za heshima. Dhumuni la maandishi haya ni kuhifadhi kumbukumbu sahihi za kazi ya huruma ya jumuiya yetu ya Kamunyonge, ambayo mimi ni katibu wake. Kazi yenyewe ni kuezeka upya nyumba ya Bibi Nyangeta, katika kijiji kimoja karibu na Butiama.

Asubuhi nimeandika barua tatu barazani pangu Iringo, ndiyo ofisi yangu ya kuwaandikia watu barua, kama ilivyo ada. Moja ya likizo. Moja ya mgogoro wa mpaka. Moja ya kumwomba radhi mkwe. Mchana amepita mwenyekiti wetu, Mama Rhobi. Bati zimepatikana. Parokia imeridhia ombi nililoliandikia barua kwa niaba ya Bibi, na nakala imepelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Amesema padre aliisoma barua yangu mara mbili.

Nakiri kwamba nimefurahi. Nainukuu sehemu yake: “Mwombaji ni mjane mkongwe, asiyejaliwa mtoto wa kiume, ambaye paa lake limegeuka kuwa chujio la mvua na dirisha la jua.” Sikuvuka darasa la saba. Maneno hayo sikufundishwa na mtu.

Bibi aliiwekea dole gumba. Sikumsomea. Gari la kurudi Musoma lilikuwa linapiga honi.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Misumari, kamba, nyundo nne, unga, dagaa. Vyote vimekaguliwa na kuorodheshwa. Kesho ni Nane Nane, watu hawaendi kazini. Tutakwenda ishirini na wawili kwa pikapu mbili. Nimepiga pasi shati.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Tulifika saa mbili asubuhi. Nyumba ni ya udongo, pembe nne, paa la nyasi linalokutana juu kwenye kilele kimoja. Kileleni palichomoza kijiti, urefu wa mkono, cheusi kwa moshi na umri. Nilikiona. Sikuuliza.

Bibi alitupokea kwa uji wa ulezi, akaenda kisimani na Mama Rhobi. Fundi Makuri, mwezekaji wetu, mtu wa Ukerewe na mwenye mdomo, alipanda juu na kuanza kunitania.

“Katibu, shika nyundo! Kalamu haipigagi msumari!”

Nikamjibu kwamba kila kiungo kina wajibu wake mwilini. Akasema, “Basi wewe ni kitovu. Kipo tu.” Watu wakacheka. Nami nilicheka, kidogo.

Nyasi zilishuka zote kufikia saa nne. Kijiti kilizuia kofia ya bati. Makuri alikitikisa, akaking’oa, akakitupa chini. Kina mama wa jikoni walikichanja wakakitia motoni, chini ya sufuria ya ugali.

Bibi alirudi na ndoo kichwani. Alitazama juu. Ndoo ilianguka. Akasema neno moja tu: “Mmemshusha!” Kisha akapiga yowe.

Nimeandika barua za misiba mingi. Sijapata kusikia yowe kama lile.

Majirani walitoka mashambani wakikimbia, wanawake wamejifunga khanga kiunoni, nao wakapiga yowe. Sikuelewa. Mama Rhobi ndiye aliyenieleza, uso umempauka. Katika ukoo wa mume wa Bibi, kijiti cha kileleni ni mwenye nyumba mwenyewe. Akiwa hai, hakiguswi. Akifa, ndugu zake hukishusha mbele ya ukoo mzima, na hapo ndipo kifo chake kinapohesabiwa kuwa kifo. Si kabla.

Kumbe mumewe hakuwahi kutangazwa kuwa amekufa. Aliondoka kwenda machimbo ya dhahabu Geita miaka mingi iliyopita, akatoweka. Mama Rhobi amekulia jirani na Bibi, lakini hakukumbuka kutuonya. Jumuiyani walimwita Bibi mjane, nami nikaandika mjane.

Tumemuua mtu leo. Kwa misumari na nia njema.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Nililala kwa kina Mama Rhobi hapa kijijini. Wengine wamerudi mjini. Makuri amebaki, hasemi utani wowote.

Nyumba haina paa. Kuta nne na anga. Bibi amekaa ndani chini ya turubai, amenyoosha miguu. Watu wanaingia na unga na kuni, wanakaa chini. Ni matanga kamili ila hakuna maiti.

Saa sita alifika binti yake wa pekee, Sabina, mpishi wa mgahawa Bunda. Alipigiwa simu kwamba baba yake amefariki. Alishuka kwenye bodaboda akilia, akauliza mwili uko wapi. Akanigeukia kwa sababu nilivaa shati safi.

“Wewe ni daktari?”

“Mimi ni katibu wa jumuiya.”

“Nani amekuambieni baba amekufa?”

Nikampeleka ndani kwa mama yake.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Sikwenda misa.

Baada ya chakula alikuja Mzee Wambura, mdogo wa mume wa Bibi. Alibeba kigoda chake mwenyewe. Hakukaa na waombolezaji. Alikiweka mlangoni, penye nafasi ya mwenye nyumba, akakalia.

“Shemeji, pole,” alisema. “Kijiti kimeshuka. Kaka yangu sasa amekufa rasmi, na boma linarudi kwa ukoo. Wewe huna kijana wa kiume. Utanipisha, ama utakaa chini yangu. Mimi sikufukuzi. Nakupa nafasi ya kuchagua.”

Bibi alikitazama kigoda, si uso wake. “Shemeji, umekuja na kiti. Umeleta na unga?”

Watu waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Hakuwa ameleta kitu.

Alikasirika. Akapiga marufuku bati kupanda mpaka matanga yaishe na ukoo ukae. Makuri alisema mvua za vuli hazimsubirigi mtu. Mzee akamjibu kwamba mvua ya kijijini haiwahusu wavuvi wa Ukerewe.

Ndipo akatoa karatasi mfukoni. Niliitambua mikunjo yake kabla hajaifungua. Nakala ya barua yangu, kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliisoma yote, kwa sauti, na kwa ufasaha. Neno mjane limo mara tatu. Asiyejaliwa mtoto wa kiume, mara moja. Chini yake dole gumba la Bibi.

“Amekiri mwenyewe,” alisema. “Na mwandishi huyu hapa. Ameandika vizuri sana.”

Nimesifiwa mara nyingi katika kazi hii. Leo nimetamani ardhi ipasuke.

Baraza la ardhi la kijiji litaketi Jumatatu ya tarehe 18.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Sikufungua ofisi. Sikula. Sina la kuandika.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Nilidhani mshtuko una mwisho. Hauna.

Nilikwenda kwa Bibi kuomba radhi. Nilikuwa nimeitunga radhi hiyo tangu alfajiri, ina aya tatu. Alikuwa anapeta mtama, Sabina kando yake. Alinisikiliza aya ya kwanza tu.

“Katibu, mwanangu, nyamaza. Hukukosea. Yule mtu alikufa.”

Ungo wa Sabina ulianguka.

Bibi aliendelea kupeta. Alieleza bila kuinua sauti. Miaka kumi na moja iliyopita alikuja mchimbaji mmoja na mkanda wa mumewe. Shimo lilikuwa limeporomoka, hawakumtoa. Bibi alimpikia yule mgeni, akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani. Mkanda akaufukia. Hakumwambia mtu. Alikuwa akilia shambani, na akifika nyumbani amenyamaza.

“Ningesema, wangekuja kukishusha. Kikishuka, natoka. Kile kijiti kimenilinda kuliko mwenyewe alivyonilinda, maana mwenyewe alikuwaga msafiri.”

Sabina alisimama. “Mama, mimi nimemngoja. Kila gari la Geita likisimama stendi pale Bunda nilikuwa natazama madirisha. Miaka yote hiyo!”

“Ungejua, ungelia. Ungelia, wangejua.”

Sabina alitoka, akakaa nyuma ya nyumba kwa muda mrefu. Bibi hakumfuata. Mikono yake tu ndiyo iliyoacha kupeta.

Mimi nilibaki na aya zangu mbili. Kwa hiyo niliandika ukweli. Niliandika ukweli nisioujua, juu ya mtu niliyemsemea bila kumuuliza. Na ukweli huo ndio unaomtoa nyumbani mwake.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Nimerudi Kamunyonge pamoja na Makuri. Nimetunga hati ya kutengua kauli: kwamba mimi mwandishi, kwa kughafilika, nilitumia neno mjane pasipo uthibitisho, kwamba hakuna ushahidi wowote wa kifo, kwamba kijiti kiling’olewa na wageni wasiojua mila, hivyo kushuka kwake ni batili. Ni hati imara. Mzee Wambura hataweza kuipangua. Makuri ameisikia na kusema, “Katibu, hiyo ni kali.” Amekwisha kuchonga kijiti kipya.

Ni uongo kutoka mstari wa nne.

Sijawahi kuandika uongo nikijua. Kilichonishtua ni jinsi ulivyokuja kwa wepesi. Ukweli haukuwahi kunijia kwa wepesi hivyo.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Nilisali misa ya kwanza, nikapanda gari la Butiama.

Waombolezaji wamepungua. Mzee Wambura hakuwapo, kigoda chake kimebaki mlangoni. Sabina ameanika nguo juu yake.

Nilimsomea Bibi hati yote. Polepole, kila neno, na penye neno gumu Sabina akalitia katika lugha yao. Aliuliza maana ya batili. Alipoelewa alicheka, mara ya kwanza tangu Nane Nane.

“Unataka nimfufue tena? Nimemfuga yule marehemu miaka kumi na moja. Nimechoka. Na huyu mtoto kashamlilia baba yake, nimwambie afute machozi, tulikuwa tunatania?”

Nilimweleza hatari. Nilimwambia kwamba sheria ya nchi iko upande wake, ila baraza lina wazee, na wazee wana ukoo. Pengine watasema aondoke. Alisema anajua. Alisema pia kwamba wanaomjua, wakiwa barazani, watamtazama usoni, na wengine amewanyonyeshea watoto.

Akaniambia niandike mengine. Nilichukua kalamu, nikaanza, “Husika na kichwa cha habari…” Akanishika mkono.

“Andika ninavyosema.”

Niliandika alivyosema. Nikamsomea mara mbili. Kisha Sabina akasoma mwenyewe ili kuhakikisha sikuongeza kitu. Sikuongeza.

Makuri yuko kwa Mama Rhobi na bati. Amesema hatarudi mjini kabla ya Jumatatu. Jioni ni tulivu. Kupitia juu ya kuta naona tai mmoja anazunguka. Nainakili barua hapa kama ilivyo, kwa kuwa sijaandika nyingine inayofanana nayo.

“Kwa wazee wa baraza.

Mimi ni Nyangeta. Mume wangu amekufa shimoni Geita. Nilijua, sikusema, kwa sababu niliogopa kutolewa. Nyumba hii niliikanda udongo kwa miguu yangu nikiwa na mimba ya Sabina. Shamba nalima mimi. Sina mtoto wa kiume. Nina Sabina.

Kijiti kimeshuka na sitaki kirudi. Nataka bati.

Mvua iko karibu. Naomba mniambie Jumatatu hiyohiyo, mbele ya watu: nakaa au naondoka?”