Kesi ya Vyondo vya Kasikeu

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Goti linaendeleaje? Natumaini unameza dawa hata siku zile unajiona umepona. Na mvua, imefika huko Kasikeu au imepita tu juu kama msimu uliopita? Mimi mwili hauna shida. Shida iko kwingine, na nakuomba usome barua hii ukiwa peke yako.

Uliniuliza kwa simu mbona Shangazi Syombua siku hizi anakaa benchi la nyuma kanisani, mbali na wewe. Nikasema sijui. Nilikudanganya, Mwaitu. Ndiyo maana nimeamua kuandika, kwa sababu kwa simu ningekudanganya tena.

Unajua nilipoanza ukarani katika mahakama hii ya biashara, faili zilikuwa zimerundikwa mpaka kwenye korido. Mtu alikuwa anakuja mara tatu, nne, akiambiwa faili yake haionekani. Siku hizi mambo yamebadilika, lazima niseme ukweli. Kila kitu kiko kwenye kompyuta, na hukumu inatoka siku ile ile iliyotajwa. Kila mwaka tunaandika ripoti ya vile tumesonga mbele. Mwaka huu naibu msajili alitaka tuondoe kesi zilizolala, yaani zile ambazo hakuna mtu amezigusa kwa zaidi ya mwaka mzima. Kazi ya kuandika orodha nikapewa mimi.

Ijumaa moja, nikiwa karibu kumaliza, nikaona jina la kikundi cha Shangazi, kile cha akina mama wa kusuka vyondo. Ni ile kesi yao na kampuni iliyochukua alama yao, ile mistari miwili myekundu kwenye mdomo wa kikapu cha kiondo, ikaiandikisha kama yake. Halafu akina mama wenyewe ndio wakaambiwa wanaiga.

Nikafungua faili. Notisi ya kuonya kwamba kesi itafutwa ilikuwa imetumwa kwa wakili wao, yule wa Nunguni. Mwaitu, wakili huyo tulimzika. Mimi na wewe tulikuwa pale kaburini. Lakini hakuna mtu aliyeiarifu mahakama, na kompyuta ilionyesha tu kwamba notisi imetumwa.

Karani haruhusiwi kumpigia simu mwenye kesi, tena wa ukoo wake. Lakini ningeweza kumwambia naibu msajili, "Huyu ni shangazi yangu, na wakili wake amekufa." Ni maneno machache tu. Nikaogopa kuonekana natafutia watu wangu njia. Tena, nikuambie yote, nilitaka orodha yangu ikamilike siku hiyo. Nikaliacha jina pale.

Siku ya orodha kusomwa mahakamani nilikuwa nimeketi mbele ya jaji, chini kidogo. Akauliza, "Kuna mtu wa upande wa kikundi?" Hakuna aliyesimama. "Imetupiliwa mbali. Inayofuata." Hata dakika moja haikuisha.

Ripoti iliposomwa kulikuwa na keki. Kesi ya Shangazi ilihesabiwa pamoja na zile zilizokamilika. Dawati langu likasifiwa, nikapewa cheti, watu wakanipigia makofi. Jioni hiyo nikashindwa kuvumilia, nikampigia Shangazi.

"Shangazi, ile kesi imefungwa."

"Tumeshinda?"

Nikamweleza.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani, Shangazi. Mimi ndiye niliyeandika orodha."

"Mutheu," akasema polepole, "kila mkutano tulikuwa tunaambiana tusiwe na wasiwasi. Tuko na mtoto wetu huko ndani."

Hajashika simu yangu tena mpaka leo.

Asubuhi yake nilimweleza naibu msajili kila kitu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ungeniambia Ijumaa, tungelitoa jina." Nikaandikiwa barua ya onyo na kuhamishwa kwenye dirisha la kupokea watu. Akina mama walipata wakili wa kujitolea, akaomba kesi ifufuliwe. Ombi lilisikizwa haraka, kwa maana siku hizi hakuna kuchelewa. Jaji alisema pole kwa kifo cha wakili, lakini mwenye kesi lazima afuatilie kesi yake. Akalikataa. Nasikia sasa wanasuka vyondo bila ile mistari, na kwamba nyanya yake Nduku wa pale dukani, aliyeibuni akiwa bado msichana, ameacha kusuka kabisa.

Mwaitu, sikuiba na sikuhongwa. Lakini usimwambie mtu kwamba sikukosa.

Msalimie kaka Kioko huko kwenye kazi ya mjengo, na mke wake ambaye najua ndiye anakuchotea maji. Msalimie mchungaji wetu, na Mama Nduku wa duka, akiwa bado anakubali kusikia jina langu. Shangazi usimpe salamu zangu, wala usiniombee msamaha kwake. Hiyo si kazi yako.

Nitakuja Krismasi. Nikishuka stendi nitapitia kwake kwanza kabla sijafika kwako, kwa hivyo usinipikie. Akikataa kunifungulia mlango, nitakaa hapo nje na mzigo wangu mpaka atoke.

Ni mimi binti yako,
Mutheu