Matangi Matano ya Moshi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama umeshaanza kusoma, basi meza kila neno, usimtemee mtu. Hasa Mzee Naftali!

Mzee Naftali ni bosi wangu. Mimi ni Isaya, karani wa kampuni yake ya utalii hapa Karatu, bado niko kwenye majaribio. Leo kaniwekea boksi mezani. Kigari cha rimoti! Kirefu kama mkono, rangi zilezile za Landkruza zetu. Kina injini ya kweli, ya mafuta, silinda kama kidole gumba. Jumapili Mchungaji anabariki Landkruza mpya, na kigari kitatangulia mbele yake.

"Wewe umesoma, Isaya. Ilainishe hiyo injini. Ikifa, barua ya ajira isahau."

Akacheka. Sijui kama ulikuwa utani.

Jumanne, 10 Juni
Nimesoma maelekezo mara tatu. Injini mpya imebana, pistoni na silinda hazijazoeana. Lazima ichome matangi matano polepole, mafuta yakiwa mengi kupita kiasi. Moshi ni dalili nzuri — ndani yake kuna oili, na oili ndiyo ulinzi. Ukiikimbiza mapema, imekwisha.

Kwa baridi hii haikuwaka. Laurencia, mpishi wetu, kanipa chupa ya maji ya moto, zile tunazowawekea wageni kitandani kule kambini Ngorongoro. Nikaikumbatisha injini. Ikawaka! Ofisi ikajaa moshi wa bluu. Laurencia kaja mbio na ndoo. Maji yote kwangu.

Jumatano, 11 Juni
Tangi la pili. Salama. Nanuka oili hadi masikioni.

Alhamisi, 12 Juni
Tangi la tatu. Metui, dereva wetu mkongwe, kachungulia dirishani.

"Dogo, gari likifuka hivyo mimi nashuka, naenda kwa miguu."

Nikamweleza habari ya oili. Akasema amepeleka wageni kreta miaka kumi na tisa, na hakuna dereva wa heshima anayefika getini akifuka. Ni aibu, kama kuingia kanisani pekupeku.

"Mafuta yamezidi, msomi. Bana hiyo skrubu ya mafuta!"

Nikasema hapana. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeota pistoni.

Jumamosi, 14 Juni
Tangi la nne! La tano litaishia kwenye maandamano ya kesho, mwendo wa konokono. Metui kaniomba akifute kigari vumbi. Nimempa. Watu hubadilika.

Jumapili, 15 Juni
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeungua.

Baada ya ibada Mchungaji akabariki Landkruza, akainama akakiwekea mkono kigari nacho. Kwaya ikaanza. Nikawasha. Hakuna moshi! Nilijivuna kwa sekunde mbili, halafu nikakumbuka: bila moshi hakuna oili. Kisha nikamwona Metui ananikonyeza, bisibisi mfukoni.

Kikalia kama nyigu ndani ya kopo. Kikapita chini ya Landkruza, kikaanza kuizunguka kwaya. Mzee Naftali akaninyang'anya rimoti, akabonyeza hadi mwisho.

"Mzee, kitakufa!"

"Acha kikimbie, bwana! Kimebarikiwa!"

Nikakirukia. Nikakilalia kifudifudi mbele ya usharika mzima, kiganja kwenye eksozi, hadi kikazimika. Kwaya nayo ikazimika.

"Karani," Mzee akasema taratibu, "umelalia gari langu?"

Nikanyanyuka na kigari kwapani, nikakimbia. Bodaboda hadi Kansay, kwa shangazi Evarista.

Kiko mezani. Kikipoa, natakiwa kuizungusha injini kwa kidole. Ikikaza pistoni inapofika juu, ni nzima. Ikiteleza tu, imekufa, na ajira yangu imekwenda nayo.

Kimepoa tangu saa tisa. Sijazungusha.

Anayenitafuta: simu nimezima, daftari hili shangazi atalipeleka ofisini. Njoo Kansay, bati la bluu, nyuma ya mashine ya kusaga. Mbwa ana kelele tu. Laurencia, wewe pita moja kwa moja. Metui, acha bisibisi barabarani. Mzee Naftali, shikamoo, tafadhali kohoa ukiwa bado mbali, kisha ingia uizungushe kwa kidole chako mwenyewe. Mimi nitakuwa nje, kwenye migomba, upande wa kushoto. Ikikaza, niite kwa jina. Ikiteleza, usiniite.