Mashati Kumi na Moja, Mikono Imebadilishana

Mpendwa Shangazi, naomba unishike mkono maana mwenzio nimefika ukingoni. Mimi ni mwalimu wa ushonaji, mwaka wa kumi na tisa huu, na darasani nilikuwa nikimtazama mwanafunzi usoni tu najua kaelewa au anabahatisha, lakini tangu chuo kihamishie somo mtandaoni nafundishia chumbani kwangu, cherehani pembeni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo, na wanafunzi wangu kumi na mmoja wote wamezima kamera, naona miraba myeusi tu, nikiuliza "Mmeelewa?" wananirushia vidole gumba kumi na kimoja, basi nasonga mbele, na baba watoto akipita ananicheka, "Mama, leo ukuta umekujibu?"

Wiki mbili zilizopita niliwafundisha kuunga mikono ya shati, nikaishika yote miwili mbele ya kamera nikasema "huu unakaa huku, huu huku," wakajibu sawa mwalimu, na juzi wakatuma picha za mashati, Shangazi, nilikaa chini sakafuni, yote kumi na moja mkono wa kulia uko kushoto na wa kushoto uko kulia, wamefuata walivyoniona kwenye kioo cha simu bila kukumbuka kwamba tunatazamana! Mmoja wao, msusi mwenye watoto wakubwa, akaniandikia faraghani: "Mwalimu samahani, mume wangu kalijaribu shati, anatembea kama anataka kumkumbatia mtu aliye nyuma yake." Nikamuuliza mbona siku ile hukusema, akajibu, "Uliuliza kama tumeelewa, nani atakubali kuwa mjinga peke yake mbele ya wenzake?" Nimeona aibu, kazi naipenda lakini naona nasema na watu wasionisikiliza, na barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko mezani. Niipeleke?

Mwalimu wa Miraba Myeusi

Mwalimu, nimecheka hadi chai ikanipalia, nikakuhurumia, na sasa nakugombeza.

Hawakusikilizi? Hebu yatazame tena mashati hayo. Wangekuwa wamelala, moja lingekuwa sawa kwa bahati, jingine lingekosa mkono, jingine lisingeshonwa kabisa. Wote kumi na mmoja wamekosea mahali pamoja, kwa namna moja. Mimi nina mume na watoto wanne chini ya paa moja, na sijawahi kusikilizwa hivyo!

Kosa ni lako, na ni dogo. Simu iondoe kwenye kopo, hawajifunzi kushona kwa kutazama pua yako. Ifunge juu, nyuma ya bega lako, iangalie mikono yako, ili kulia kwako kuwe kulia kwao. Na hilo "Mmeelewa?" lizike. Hakuna anayelijibu kwa ukweli, hata mimi kwa daktari huitikia tu. Sema "Nionyesheni," kila hatua, watume picha ya kitambaa. Sura zao waachie, huenda mtu yuko jikoni na kitambaa cha kulalia kichwani. Mwenye haya mwambie akuandikie peke yako, nawe umjibu siku hiyo hiyo, usimwache anangoja.

Somo lijalo anza kwa kusema "Kosa lilikuwa langu," usizunguke. Mwalimu akikiri kwanza, wanafunzi hupata mdomo. Kisha fumueni pamoja. Na barua ile usiipeleke wala usiitupe, karatasi ni karatasi. Chukua chaki, chora juu yake mkono wa shati, ukate mbele yao.

Anza na wa kulia.