Jaketi Tatu za Irshad

Al Nahda, Dubai
17 Novemba 2024

Kwako Mama,

Pokea salamu zangu. Natumaini mgongo umekuachilia kidogo na yule ng'ombe mwekundu ameacha kupiga ndoo teke. Mimi ni mzima. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla ya sentensi ya pili, na leo nataka nimalize.

Sifanyi kazi hotelini tena. Niliacha mwezi wa saba. Najua umewaambia watu wa kanisani Njabini kwamba binti yako anatandika vitanda vya watalii, na ukipenda waache waendelee kuamini. Nilifanya mtihani wa leseni mara tatu nikapita, na sasa naendesha pikipiki. Napeleka chakula majumbani na maofisini.

Jiko letu liko Dubai Silicon Oasis. Halina meza wala kiti cha mteja, ni wapishi tu ndani na sisi waendeshaji nje tukingoja mifuko. Tuko tisa, na mwanamke ni mimi peke yangu. Msimamizi ni Mkenya mwenzetu, anaitwa Ronny, na nimeambiwa hajawahi kupanda pikipiki maishani ila kama abiria. Siku ya kwanza aliniuliza kama pikipiki haitanilemea. Nikamwambia nimekua nikibeba mitungi miwili ya maziwa kwenye matope. Akacheka mbele ya wote, kisha akanipa ile mbovu kuliko zote.

Usiogope. Joto limekwisha, na kuanzia sasa hadi Machi ndio msimu mzuri wa kazi hii. Ila asubuhi ni baridi, Mama. Nikifika kazini vidole vimekufa ganzi.

Mwanao,
Trinah

*

Njabini
24 Novemba 2024

Trinah,

Salamu nimezipata. Mgongo ni ule ule na ng'ombe ni yule yule, asante kwa kuuliza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani, na haikuwa nzuri zaidi. Kwa hiyo miezi minne umeniacha nidanganye kanisa zima bila kujua. Mimi nikidanganya napenda kujua kwamba nadanganya.

Na kazi yenyewe. Miaka kumi na mmoja nimebeba maziwa kwa pikipiki hadi kwa ushirika, wanaume wakisimama kando ya barabara kunitazama kama ng'ombe aliyevaa viatu. Nilifanya hivyo ili wewe usome, upate kazi ya ndani ya nyumba, penye paa. Sasa umepanda ndege, umeenda mbali hivyo, na ulipofika huko ukaanza kufanya kazi yangu. Ungebaki hapa ningekupa pikipiki bure.

Halafu unanililia baridi. Nimeuliza nikaambiwa asubuhi huko ni nyuzi kumi na nane. Hapa mwezi wa saba hiyo ndiyo hali ya mchana, tena siku njema, tunaanika nguo. Wewe umepita kwenye sakitu, nyasi zimeganda, ukienda shule na sketi. Usiniaibishe.

Huyo Ronny simjui na sioni cha kujua. Mtu anayepanga safari za wenzake akiwa amekalia kiti ni wa kuitikiwa tu, si wa kusikilizwa.

Kitu kimoja sikichekei, ni ukungu. Kama huko upo, ukishuka hadi huoni mbele, ondoka barabarani. Usiende polepole ukijiona mwerevu. Ondoka kabisa. Ninaowajua waliokufa kwenye ukungu wote walikuwa wanaenda polepole.

Mama yako

*

Al Nahda
22 Desemba 2024

Kwako Mama,

Salamu za Krismasi kwako na kwa wote wanaokuuliza habari zangu, hata wale wanaouliza kwa ubaya. Afya ni nzuri, isipokuwa kikohozi ambacho sitakieleza, maana najua utasema nini.

Umeshinda kuhusu baridi. Nimejionea aibu nilipowatazama wenzangu. Wanaume wazima wanafika kazini wamejifunga shali hadi machoni, mmoja na taulo shingoni. Wa ajabu kuliko wote anaitwa Irshad, Mpakistani wa Sialkot, ana miaka hamsini na kitu, na kumi na miwili ameimaliza kwenye pikipiki hapa Dubai. Huyu huvaa jaketi tatu, moja juu ya nyingine, na katikati yake anapachika kipande cha katoni kifuani kuzuia upepo. Akitembea anatoa sauti kama mtu anayefungua zawadi. Na akiitwa na Ronny, kwa lolote, hujibu "Yes sir" akiwa tayari ameshasimama. Nimempa jina hilo, Yes Sir, na sasa wote wanamwita hivyo. Yeye hutabasamu tu.

Wateja nao usiseme. Kuna mtu anaishi juu ya mkahawa, ghorofa ya kumi na nane, lakini chai anaagiza kwetu iletwe kwa pikipiki. Anafungua mlango kiasi cha kupitisha mkono. Wiki iliyopita madam mmoja alilalamika chai yake imepoa. Nikamwambia, "Madam, hata mimi nimepoa." Akaniripoti. Ronny alinisimamisha siku moja, na siku hiyo nililala vizuri.

Ukungu upo. Unatoka upande wa jangwani alfajiri na kufuta majengo yote. Nimekusikia.

Mwanao,
Trinah

*

Njabini
26 Januari 2025

Trinah,

Natumaini barua hii inakukuta hai, maana sina habari nyingine.

Mwezi umepita. Nimekupigia mara sita. Mara ya saba nimempigia Judy, yule binti wa mwalimu, anayelinda mlango wa jengo huko kwenu, akaniambia u mzima, unakwenda kazini na kurudi, lakini huongei na mtu. Pia aliniambia kuna mtu wenu aliyegongwa. Nilipomuuliza zaidi akaanza kukohoa kama mtoto wa shule.

Sijakulea uwe bubu. Ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwa unakuja mwenyewe na vipande mkononi, umenuna, tayari kugombana. Hiyo ndiyo tabia yako niliyoipenda, ingawa sikukwambia. Niandikie ulichovunja.

Mama yako

*

Al Nahda
2 Februari 2025

Kwako Mama,

Nisamehe kwa ukimya. Mwili wangu ni mzima. Soma hadi mwisho kabla hujakasirika.

Ilikuwa tarehe saba Januari, saa moja asubuhi. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya Silicon Oasis hata ukisimama mlangoni mwa jiko huoni pikipiki zilizo hatua kumi. Simu zetu zote zilikuwa zimelia kwa onyo la polisi kwamba watu wasiendeshe. Tukakaa. Mara Ronny akatoka na mfuko wa chai na mayai ya ofisi moja ng'ambo ya barabara ya Al Ain. Akasema ni mteja mkubwa, akanitaja mimi. Nikamwambia siendi. Akasema, "Ndiyo maana sikutaka wanawake." Nikamwambia hata angekuwa baba yangu nisingekwenda.

Hadi hapo nilikuwa sawa, Mama. Ningenyamaza hapo leo nisingekuwa na cha kukuandikia. Lakini wote walikuwa wananitazama, na nilikuwa nafurahia kutazamwa. Irshad alikuwa pembeni anapangusa kioo cha helmeti yake. Nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza ili waelewe wote, "Mpe Yes Sir. Huyo hata ukimtuma baharini ataomba anwani tu."

Wakacheka. Walicheka sana. Irshad hakutabasamu safari hii. Aliweka kitambaa chini, akauchukua mfuko mkononi mwa Ronny bila kumwangalia yeyote, akaondoka. Nina hakika asingekwenda. Alikuwa amekaa kama sisi.

Hazikupita dakika kumi. Pikapu ilimgonga kwa nyuma akiwa anaingia barabara kubwa, anaenda polepole. Tuliukimbilia mlio. Alikuwa amelala kando ya ukingo, macho wazi, na mfuko ameukumbatia. Watu wa ambulensi walimkata jaketi zile moja moja, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na katoni ikaanguka. Hakuna aliyecheka. Nyonga imevunjika na mguu wa kulia mahali pawili. Madaktari wanasema atatembea, lakini pikipiki khalas, basi tena.

Sasa kuna karatasi. Ronny ameandika kwamba alitukataza wote tusitoke, na Irshad aliondoka kwa kichwa chake. Karatasi hiyo ikisimama, kampuni itasema ajali si ya kazini, atarudi Sialkot na magongo na mkono mtupu. Wenzangu saba wametia sahihi. Bado mimi. Ronny aliniita ofisini, akanipa soda, akasema pikipiki mpya imefika na ni yangu, na viza yangu inaisha Aprili kwa hiyo nifikirie. Alisema kwa upole kabisa. Namdharau, na soda yake niliiacha mezani bila kufunguliwa. Lakini nikimdharau sana nakumbuka kwamba yeye alimtaja Trinah. Aliyemtaja Irshad ni mimi.

Nikisema ukweli wa Ronny, nitaulizwa na wangu. Nifanye nini?

Mwanao,
Trinah

*

Njabini
9 Februari 2025

Trinah,

Ashukuriwe Mungu una mwili mzima. Nimemaliza kusoma na nimekasirika kama ulivyotaka.

Ulimi huo umeurithi kwangu, kwa hiyo sitajifanya nashangaa. Nilikufundisha kuwacheka watu nikidhani nakufundisha kutowaogopa.

Nitakwambia jambo ambalo hata marehemu baba yako sikumwambia. Palikuwa na mlinzi pale kwa ushirika, Yekoniya, mlevi, shati nje kila siku. Mwaka mmoja maziwa yalikutwa na maji. Karani ndiye aliyekuwa akitia maji, na mimi nilimwona. Karani akaandika karatasi kwamba ni Yekoniya, akatuomba tutie sahihi, na maziwa yangu yalikuwa yakikataliwa mara kwa mara, na baada ya sahihi hayakukataliwa tena. Nilikuwa namdharau Yekoniya kabla ya hapo. Baada ya hapo nilimdharau maradufu, ili nipate usingizi. Alifukuzwa, akahamia Gilgil. Mkewe alibaki miaka miwili hapa kabla ya kumfuata, na kila Jumapili alikuwa akinisalimia vizuri kwa mkono.

Kwa hiyo usiniulize mimi ufanye nini. Muulize mtu aliyewahi kufanya vyema.

Mama yako

*

Naif, Dubai
16 Machi 2025

Kwako Mama,

Salamu nyingi, na pole kwa mvua iliyochelewa. Ona anwani yangu imebadilika. Nitakueleza.

Sikutia sahihi. Nilikwenda ofisi ya migogoro ya kazi na maelezo yangu. Aliyeyapokea ni mama mmoja wa hapa, Lamees, mtaratibu, hatazami saa. Nilimweleza habari ya onyo la polisi, na mteja mkubwa, na karatasi. Akaandika yote. Kisha akaniuliza, "Wewe ulikataa na hukufanywa lolote. Kwa nini yeye alikubali?" Nikatazama kalamu yake. Angeweza kunisaidia kwa kuuliza swali lingine, hakuuliza. Nikamwambia nilichosema, neno kwa neno, akaliandika nalo.

Siku ya kusikilizwa shauri, maelezo hayo yalisomwa kwa sauti mbele yetu sote. Ronny alikuwepo, na mtu wa kampuni, na Irshad kwenye kiti cha magurudumu na shemeji yake nyuma. Waliposoma habari ya mwanamke aliyecheka na wanaume waliocheka naye, shemeji aliinama akatazama viatu vyake. Wawili kati ya wale saba waliokuwa wametia sahihi wakabadilisha maneno yao. Kampuni ikakubali kwamba ni ajali ya kazini, na Irshad amepata matibabu na haki zake zote. Ronny amehamishiwa jiko lingine, ambako bila shaka wamempa kiti kilekile. Mimi viza sikuongezewa, lakini kuna mfanyabiashara wa Naif, Thuwein, mzee mwenye asili ya Unguja, amenichukua nimpelekee vifurushi kwa wanaosafirisha mizigo kwenda kwetu. Hana maneno mengi.

Alhamisi nilikwenda kumuaga Irshad kabla ya ndege yake. Nilibeba matunda. Shemeji alitaka kunizuia mlangoni, Irshad akamwambia aniache niingie. Nikaomba radhi, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga siku nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mke wangu na wanangu walijua nimegongwa nikiwa kazini. Sasa shemeji amepiga simu nyumbani, na mtaa mzima Sialkot unajua nimevunjika kwa sababu mwanamke alinicheka. Afadhali ungetia sahihi."

Akaniomba niondoke na matunda yangu. Nimeyaweka mezani, hakuna anayeyala.

Nilidhani nikisema kweli yote nitapumua. Sipumui. Naogopa kwamba ana haki, na naogopa kwamba hana. Hapa wanaume wameanza kulalamika joto.

Mwanao,
Trinah

*

Njabini
23 Machi 2025

Mwanangu Trinah,

Nakusalimu. Mvua imeanza juzi, barabara imekwisha, na bado naipita, kwa hiyo huo mgongo usinisumbue nao.

Msalimie huyo mzee Thuwein, mwambie nashukuru kwa kuwa hana maneno mengi. Utamjazia wewe.

Jana nilifika hadi Gilgil. Nilimtafuta Yekoniya, nikaambiwa alizikwa mwaka wa korona. Nilikaa kidogo na mkewe, tukanywa chai, nikamwambia habari ya sahihi yangu. Alisema alijua siku zote. Sikuongezewa kikombe.

Kwa hiyo kuhusu Irshad nakwambia hivi, na safari hii sichekeshi. Aende akikudharau. Hilo ni lake, umelilipia, usijaribu kumnyang'anya. Ulikuwa na mzigo wake, ukampelekea hadi mlangoni, tena mzima. Sasa ondoka hapo mlangoni, mwanangu. Usisimame kungoja bakshishi.

Kula hayo matunda kabla hayajaoza.

Mama yako